Aliingia msituni kutulinda. Kwa nini alimpiga mama aliyemlisha?

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Kalehe, Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, ambaye sasa anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nimelifupisha kidogo:

"Mtoto wa shangazi yangu aliingia kundi la wapiganaji la Raia Mutomboki mwaka 2012. Hakushikwa kwa nguvu. FDLR, wale waasi Wahutu kutoka Rwanda, walikuwa wamemuua babake shambani, naye akasema hatalala tena porini kama panya. Tulimsifu, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye bariera, kizuizi cha kutoza wapita njia, akampiga kwa kitako cha bunduki mama mmoja muuza mawese na kumwaga bidoni lake, kisa faranga 500. Mama yule ndiye aliyekuwa akiwapelekea bugali huko msituni bila kuwadai kitu. Ningeelewa kama angekuwa amelazimishwa. Inakuwaje mtu aliyejitolea kulinda watu awageukie watu haohao? Na la mwisho: shangazi anataka arudi nyumbani. Niseme nini?"

Dada yangu, pole kwa kufiwa na mume wa shangazi, hata kama miaka imepita. Nitajibu kwa urefu, maana majibu mafupi ya swali hili nayajua na sidhani yamekusaidia.

Moja ya majibu hayo mafupi husema vita hugeuza watu kuwa wanyama. Mnyama hajui kudai faranga 500. Lingine husema ni bangi na pombe. Bangi ipo, wala siikatai, na kijana aliyevuta hupiga kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Lakini bangi haichapishi risiti. Wewe ni mtu wa Kivu, unakumbuka "lala salama", ile michango ambayo makundi huwatoza wanakijiji ili "walale salama". Kundi la NDC-R, lililomegeka kutoka kundi la Sheka huko Walikale, lilifika mahali pa kugawa jetoni za kila mwezi, vikaratasi vya kuonyesha kwamba umelipa: ukipita bila jetoni unakamatwa, unafungwa, unatozwa zaidi. Watu wanaohesabu wakazi, wanaoandika majina na kubadili karatasi kila mwezi si watu waliopotewa na akili. Wana utaratibu, na katika utaratibu huo kupigwa kwa mama muuza mawese kulikuwa na nafasi yake. Ndipo ninapotaka tutazame.

Umeandika kwamba ungeelewa kama angekuwa amelazimishwa. Neno "kujitolea" kwetu lina harufu nzuri: mtu hujitolea damu, hujitolea kufundisha, hujitolea kuchimba kaburi la jirani. Kwa hiyo tukisikia kijana kajitolea kupigana, tunamweka fungu moja na hao. Tunasahau kuuliza swali ambalo kwa mchimba kaburi halina uzito lakini kwa mwenye bunduki lina uzito wote: anayejitolea atakula wapi, na atakula mpaka lini?

Askari aliyelazimishwa, au aliyeajiriwa asilipwe, huidai serikali. Huilaani Kinshasa. Aliyejitolea hana Kinshasa ya kudai. Anawadai ninyi. Ndani ya kifua chake kuna hesabu: mimi nimeacha shamba, nimeacha shule, ndugu zangu wamekufa, ninyi mko hai kwa sababu yangu. Miezi ya kwanza hesabu hiyo haisemwi, kwa sababu mnailipa wenyewe bila kuombwa. Bugali la mama yule lilikuwa malipo, ingawa yeye aliliita upendo, na kijana naye aliliita upendo. Vita vikirefuka, mama anachoka. Ana watoto, muhogo umeisha, na FDLR hawaonekani tena karibu. Siku aliyoacha kupeleka chakula, yeye aliona amemaliza kusaidia. Kijana aliona mdaiwa amekimbia deni.

Hiki ndicho ninachotaka ukishike kuliko mengine yote nitakayosema. Hasira iliyomwangukia mama yule haikuwa hasira ya mwizi. Mwizi hamkasirikii anayemwibia. Ilikuwa hasira ya mtu anayeamini kwamba amenyimwa haki yake na watu aliowafia. Ndiyo maana akamwaga mawese badala ya kuyachukua. Kama lengo lilikuwa mali, bidoni lingeuzwa.

Sasa nikurudishe nyuma, kwa sababu hesabu hiyo haikuanzia kwa mtoto wa shangazi yako. Vijana wa Kivu hawakuingia msituni kwa kupenda bunduki. Mwisho wa Desemba 1998, huko Makobola katika wilaya ya Fizi, waasi wa RCD, walioungwa mkono na Rwanda, na majeshi waliyoshirikiana nayo waliua raia zaidi ya 800 kwa siku chache, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010. Mei 2009, huko Busurungi, Walikale, FDLR waliua raia 96 katika usiku mmoja wa kulipiza kisasi. Mwaka 2011 jeshi la serikali likawaondoa askari wake Shabunda ili wakapangwe upya katika rejimenti, na FDLR wakaingia mahali palipoachwa wazi. Raia Mutomboki, waliokuwa wameanza huko Shabunda mwaka 2005 chini ya mchungaji Jean Musumbu, wakafufuka na kuenea hadi kwenu. Jina lenyewe linasema: raia waliokasirika. Ukiwauliza waliojiunga mwanzoni, wengi watakutajia marehemu wao kwa majina. Naamini mtoto wa shangazi yako alikuwa mmoja wa hao, na sifa mlizompa hazikuwa za uongo. Sababu ya mtu kuingia haikwambii atakavyoishi humo ndani. Mlango ni mmoja, nyumba ni nyingine.

Ndani ya nyumba hiyo jambo la kwanza alilokutana nalo ni dawa ya kienyeji ya kukinga risasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasomi wengi hupita haraka wakicheka.

Mai-Mai, Raia Mutomboki na wengine wa ukoo huo wamerithi kitu cha zamani. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aliwapa watu wa kusini ya Tanganyika maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Mwaka 1964 waasi wa Simba, mashariki ya Kongo, walikimbilia vitani wakipiga kelele "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele. Mgeni huona hapo imani ya risasi tu. Mwenye kuingia huona masharti. Dawa haifanyi kazi peke yake: ukiiba, inakufa. Ukimgusa mwanamke, inakufa. Vyakula fulani, kupeana mikono na watu fulani, kuingia nyumba za watu, yote yana miiko yake. Na mwenzako akipigwa risasi hakuna anayesema dawa ni ya uongo. Wanasema alivunja sharti.

Tazama werevu wa mpango huo. Kundi la watu mia mbili bila gereza, bila mahakama, bila polisi wa kijeshi, limepata sheria ambayo kila mtu anaibeba mwilini mwake na kujilinda nayo mwenyewe. Adhabu ya wizi si viboko vya kamanda, ni risasi ya kesho. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo, wanakijiji wengi waliposema "hawa vijana hawagusi kuku wa mtu", walikuwa wakisema kweli. Mlimsifu mtu aliyestahili sifa.

Halafu dawa ikachakaa. Kwanza, waganga wakaongezeka. Raia Mutomboki halikuwa jeshi moja, lilikuwa jina ambalo kila bonde liliweza kulivaa, na kila kamanda mpya alimtafuta daktari wake wa kumnyunyizia. Daktari akiwa mmoja, masharti ni sheria. Wakiwa kumi, masharti yanakuwa bidhaa, na mwenye masharti mepesi ndiye anayepata wateja. Pili, vijana walivunja miiko na hawakufa. Mmoja aliiba mbuzi, akaenda vitani, akarudi mzima. Mzima huyo alifanya uharibifu kuliko maiti kumi. Tatu, mapigano yenyewe yalipungua. FDLR walirudi nyuma, ikabaki bariera. Kwenye bariera hakuna risasi ya kesho, kwa hiyo hakuna hofu ya sharti. Sheria iliyotegemea vita ikafa kwa ukosefu wa vita, bunduki zikabaki.

Hili si la Kongo peke yake. Sierra Leone, mbali kabisa na kwetu, wawindaji wa Kimende walioitwa Kamajor walisimama kulinda vijiji vyao dhidi ya waasi wa RUF. Nao walikuwa na dawa ya risasi, nao walikuwa na miiko ya wizi na wanawake, nao mwanzoni walisifiwa. Baada ya mapinduzi ya Mei 1997 walihitajika kwa maelfu ili kuirudisha serikali iliyochaguliwa ya Rais Tejan Kabbah. Jando lao la vita, la kuwapa wapiganaji dawa na miiko, lililokuwa la wachache waliochujwa na wazee wa kijiji, likawa la makundi makubwa ya vijana wasiojulikana na mtu. Mapema mwaka 1998 walipoingia miji kama Koribondo, walichoma nyumba na kuua watu waliowaita washirika wa adui. Mkuu wa waganga wao, Allieu Kondewa, na mkuu wao wa vita, Moinina Fofana, walifikishwa mbele ya mahakama maalumu mjini Freetown. Mwaka 2007 walipewa miaka 8 na 6, na majaji walihesabu kama nafuu kwamba walipigania kurudisha utawala halali. Mei 2008 majaji wa rufaa wakaikataa nafuu hiyo na kuwapandishia kifungo hadi miaka 20 na 15. Ninapofundisha somo hili, hukumu hiyo ya rufaa ndiyo inayozua ubishi mkubwa darasani. Vijana hutaka nia njema ihesabiwe. Mimi nipo upande wa majaji wa rufaa, kwa sababu aliyechomewa nyumba hakuchomewa na nia.

Kuna jambo la pili ndani ya nyumba, na hili linawahusu wanaojitolea peke yao. Aliyejitolea kuingia anaweza kujitolea kutoka. Kamanda wa jeshi la serikali akimchapa askari, askari hana pa kwenda, akitoroka ni mhaini. Kamanda wa kundi la kujitolea akimwadhibu kijana kwa kuiba, kijana anavuka kilima na kujiunga na kamanda mwingine, tena anakwenda na bunduki yake na marafiki wanne. Mwaka 2021 wafuatiliaji wa usalama wa Kivu walihesabu makundi yapatayo 120 mashariki ya Kongo. Yafikirie makundi hayo kama soko. Kamanda mkali anapoteza watu, kamanda mlegevu anawapata. Baada ya miaka mitatu ya soko hilo, waliobaki na nguvu si wale waliokuwa na nidhamu. Na kamanda mwenyewe anajua hivyo, kwa hiyo anapoona mawese yamemwagwa anageuza uso.

Ungeniuliza: basi waliolazimishwa ni wema zaidi? Hapana. Watafiti waliolinganisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya tangu miaka ya 1980 wameona kwamba makundi yanayoteka watu na kuwafanya wapiganaji ndiyo yanayoongoza kwa ubakaji wa kundi. Watu wasiojuana, walioshikwa usiku, hutengeneza undugu wao kwa uovu wa pamoja. Anayejitolea ana njia yake ya kufika kwenye ubaya, na aliyelazimishwa ana yake. Sikutaka uondoke hapa ukidhani nimewasema waliojitolea kuwa kabila la watu wabaya.

Turudi kwenye neno lililo katika jina la kundi lake: raia. Nani ni raia? Mwanzoni jibu lilikuwa jepesi, raia ni sisi, adui ni FDLR mwenye bunduki. Lakini wengi wa FDLR walikuwa wameishi misituni tangu 1994 pamoja na wake na watoto. Mwaka 2012 Raia Mutomboki walipopanda kutoka Shabunda na Kalehe hadi Masisi, walikuwa wametoka katika nchi ambayo mama ya kila mtu anajulikana. Ukimpiga mtu Kalehe, jioni shangazi yako anapata habari. Masisi hakuna shangazi. Huko, adui akapanuka: kutoka mwenye bunduki, akawa mkewe, akawa mwanawe, akawa kila aongeaye Kinyarwanda, hata yule ambaye babu yake alizikwa Masisi. Kundi la Nyatura, nao vijana waliosema wanawalinda watu wao, Wahutu wa Kongo, wakajibu kwa kuwashambulia Watembo na wengine. Umoja wa Mataifa ulithibitisha vifo vya raia 264 katika eneo hilo kati ya Aprili na Septemba 2012, watoto 83 wakiwamo, katika mashambulizi zaidi ya 75 kwenye vijiji. Wengi waliuawa kwa mapanga na mikuki. Kila upande ulikuwa wa kujitolea, na kila upande ulikuwa ukijihami.

Sijui kama mtoto wa shangazi yako alifika Masisi. Kama alifika, aliporudi Kalehe alirudi na mkono uliokwisha kujifunza. Hili halikwepeki: mara ya kwanza mtu hupiga huku akitetemeka na anahitaji sababu kubwa, kwamba huyu ni adui, ni mke wa adui. Mara ya ishirini sababu ndogo inatosha, na faranga 500 ni sababu.

Halafu kuna wale ambao kwao kujitolea ni biashara tangu siku ya kwanza, na siwezi kuwaacha. Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini huko Walikale kabla ya kuunda Mai-Mai yake mwaka 2009. Alisema anatetea wananchi wa Walikale. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wake wakishirikiana na FDLR, ndiyo, FDLR haohao, waliingia Luvungi na vijiji jirani, 13 kwa jumla, vyote ndani ya Walikale. Watu 387 walibakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliona kwamba watu wa vijiji vile waliadhibiwa kwa kudhaniwa kuwa upande wa serikali. Mwaka uliofuata, hati ya kumkamata ikiwa imeshatolewa, Sheka aligombea ubunge. Alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamfunga maisha.

Sheka namtaja kwa sababu kesi yake inaonyesha jambo ambalo msamiati wa ulinzi huficha. Mlinzi akishajiita mlinzi, kila asiyemuunga mkono anakuwa msaliti. Hakuna nafasi ya mtu anayetaka tu kulima. Mkulima aliyemuuzia askari wa serikali kuku ameuza nchi. Mwanamke aliyepita bariera ya kundi jingine na kulipa huko ni jasusi. Na majirani nao, tuseme ukweli, hulitumia neno hilo. Wangapi Kalehe walitajwa kwa vijana wenye bunduki kwa sababu ya mpaka wa shamba, au mahari, au ng'ombe aliyekula mahindi ya mtu? Ukatili mwingi tunaouandika kwa jina la kundi ulianza kwa mnong'ono wa mtu asiye na bunduki. Sisemi hivyo kumsafisha kijana wenu. Nasema kwa sababu kijiji hukumbuka aliyepiga na husahau aliyemtaja.

Serikali nazo huwapenda sana watu wa kujitolea, na sababu yake ni ya aibu kidogo: hawana gharama. Novemba 2022, waasi wa M23 wakisonga mbele, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajipange kuilinda nchi, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya jeshi la akiba. Makundi mengi yaliyokuwa yakitafutwa jana yakaamka yakiitwa Wazalendo. Wengine wamepigana kwa ujasiri na kufa, sitawadharau. Lakini aliyepewa risasi bila kupewa mchele ameelekezwa mchele uliko. Unajua nini kilifuata kwenye barabara: bariera zilezile, sasa zikiwa na bendera. Jeshi la serikali lina makosa yake, M23 wana yao makubwa, na jibu hili haliwafuti. Wewe umeniuliza kuhusu waliojitolea.

Je, kuna kinachozuia? Kipo, na kimepimwa. Baada ya vita vya Sierra Leone, mwaka 2003, watafiti waliwahoji wapiganaji wa zamani 1,043 wa pande zote na kulinganisha vikosi vilivyowatendea raia vibaya sana na vile vilivyojizuia. Nilipoyasoma matokeo mara ya kwanza nilishangaa. Wengi tungetarajia kwamba kikosi chenye uhusiano mzuri na wenyeji, au chenye wapinzani wachache eneo lile, ndicho kingekuwa na adabu. Havikutofautishwa na hayo kama tulivyodhani. Vilitofautishwa na mambo ya ndani: kama watu waliingia kwa kuahidiwa mali, kama walikuwa mchanganyiko wa watu wasiokuwa na lugha ya kuonyana, na zaidi ya yote, kama kulikuwa na adhabu ya kweli kwa mkosaji. Kwa maneno mengine, mioyo ya vijana haikuwa tofauti sana kutoka kikosi hadi kikosi. Kilichotofautiana ni kama kesho yake asubuhi kuna mtu aliyeulizwa, "Jana kwenye bariera ulifanya nini?"

Nadhani hakuna aliyemuuliza mtoto wa shangazi yako. Si kamanda, kwa sababu nilizoeleza. Si daktari wa dawa, ambaye alishageuka mfanyabiashara. Na si nyumbani, maana nyumbani bado aliitwa shujaa. Sikulaumu kwa kumsifu siku alipoondoka. Lakini umeniandikia habari ya mawese, na hujaniandikia kwamba yupo aliyemtumia ujumbe.

Sasa kuhusu kurudi. Nitasema mambo matatu kama mtu anayefahamu mazingira hayo, ukiyapenda uyachukue.

Mjue kwanza alichokifanya chote, si bariera tu. Kama kuna damu au ubakaji, hilo halimalizwi sebuleni kwa shangazi. Sheria ya msamaha ya Februari 2014 iliwafutia wengi makosa ya uasi, lakini iliacha nje ubakaji, mateso na uhalifu wa kivita, kwa hiyo asiwadanganye kwamba "tulisamehewa wote". Kama ni kipigo na utozaji, kuna la kuzungumza.

Pili, asirudi usiku kimyakimya. Serikali ilianzisha programu ya kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji, P-DDRCS, mwaka 2021. Mwendo wake umekuwa wa kusuasua, na barabara za kwenu hubadilisha wenyewe, kwa hiyo sitakuambia aende ofisi gani. Ila bunduki isije nayo nyumbani, na wazee wa kijiji wajue siku atakayoingia. Aliyerudi kwa siri huonekana mpelelezi wa mtu, na anayelipa ni shangazi.

Tatu, mama muuza mawese. Naona katika barua yako wote mmeulizwa mnachotaka: shangazi anataka arudi, wewe unatafuta la kusema, kijana pengine amechoka na msitu. Yeye peke yake hajaulizwa. Kama yu hai na mnajua aliko, mtumeni mtu kwake kabla ya kumjibu shangazi. Asiwe mjumbe wa kuomba radhi, hiyo ni kazi ya kijana mwenyewe. Awe wa kuuliza tu kama yuko tayari kukutana naye njiani akienda sokoni, na kama hayuko tayari, kijana akae wapi. Akitaja na bei ya bidoni lile, iandikeni.